Chanjo, barakoa na maswali yaliyoachwa bila majibu kando ya ziwa

Januari 27, 2021, akiwa Chato, kando ya ziwa hili hili letu la Victoria, Rais John Magufuli aliuliza swali ambalo mpaka leo halijaondoka kwenye vijiwe vya Kirumba na Igoma hapa Mwanza. Kama wazungu kweli wana uwezo wa kutengeneza chanjo ya korona, mbona hawajatengeneza ya Ukimwi? Ya kifua kikuu je? Ya malaria? Ya saratani?

Swali lilikuwa zuri. Kilichoharibika ni namna lilivyopokewa. Wenye elimu wengi walicheka, wenye vyeo wakanyamaza, na uongozi ulipobadilika Machi mwaka huo, chanjo ikaja kuhimizwa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuliza chochote. Mwanamke anayeanika dagaa Mwaloni, aliyekuwa amelishika swali lile, alibaki nalo mkononi. Uvumi ukaja kumjibu, maana uvumi haunaga dharau kwa muulizaji.

Basi tulijibu sasa, tuone linatufikisha wapi.

Kifua kikuu kina chanjo. Inaitwa BCG, imetumika tangu 1921, na lile kovu dogo la begani kwako ndiyo alama yake. Haiwakingi vizuri watu wazima na TB ya mapafu, hilo ni kweli na ni upungufu mkubwa, lakini inawakinga watoto wachanga na aina kali za ugonjwa huo, hasa ile inayopanda kwenye utando wa ubongo. Saratani nayo inazo chanjo mbili. Ya homa ya ini B, ambayo mtoto wa Kitanzania huipata ndani ya sindano ya pentavalenti, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, inazuia virusi vinavyoleta saratani ya ini. Ya kirusi kiitwacho HPV inazuia saratani ya mlango wa kizazi, na Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018, kabla ya hotuba ile ya Chato. Malaria ilikuwa njiani. Chanjo ya RTS,S ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2019 huko Malawi, Ghana na Kenya, na kwa Kenya ilizinduliwa Homa Bay, ng'ambo ya maji haya haya. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi Oktoba 2021. Nyingine, R21, ilipendekezwa 2023, na kati ya watoto walioshiriki majaribio yake walikuwamo wa Bagamoyo.

Unabaki Ukimwi, na hapo ndipo penye jibu lenyewe. Kazi ya chanjo ni kuufundisha mwili mapema jambo ambalo mwili unaliweza. Watu wengi waliougua korona walipona wenyewe, maana yake mwili njia unaijua, unachohitaji ni kutangulia kuonyeshwa adui. Kwa VVU karibu hakuna mwili uliowahi kushinda peke yake. Kirusi kile hujipachika ndani ya vinasaba vya mgonjwa na kubadili sura yake ya nje bila kupumzika. Cha malaria si kirusi kabisa, ni kimelea chenye jeni zaidi ya 5,000, kinachobadilika umbo kikitoka kwa mbu kwenda kwenye ini, na kutoka kwenye ini kwenda kwenye damu. Kirusi cha korona kina protini zisizozidi 30 hivi, na kinaingia mwilini kwa kutumia ile miiba iliyoko juu yake, inayochorwa kwenye kila bango. Mwili ukishaujua mwiba, kazi kubwa imekwisha. Kuna vijidudu vyepesi kuvichanja na vingine vigumu, na ugumu huo haujui mzungu wala Msukuma.

Anayekubali hayo huwa na swali la pili: kwa nini mwaka mmoja tu, wakati chanjo nyingine huchukua miaka kumi?

Kwa sababu mwaka mmoja haukuwa mwanzo. Binamu wa kirusi hiki walishaua watu mwaka 2002 na 2003 kwa ugonjwa wa SARS, kisha kuanzia 2012 kwa ugonjwa wa MERS, na maabara zilizofanyia kazi magonjwa hayo zilishagundua kwamba mwiba ndio wa kulenga. Januari 2020 mpangilio wa vinasaba vya kirusi kipya ulipotangazwa, watafiti walikuwa na ramani tayari. Kilichofuata ni fedha. Kwa kawaida kampuni humaliza hatua moja ya majaribio, ikakaa, ikatafuta mtaji, ndipo ikaanza nyingine. Safari hii serikali tajiri, Marekani hasa, zililipia viwanda vianze kuzalisha kabla majibu hayajatoka, zikijua kwamba chanjo ikifeli dozi zote zitamwagwa. Na jambo la mwisho ni la kusikitisha: ili jaribio litoe majibu lazima washiriki kadhaa waugue, na mwaka 2020 wagonjwa hawakuwa haba. Chanjo ya Janssen, ile ya Johnson & Johnson, ilijaribiwa kwa watu wapatao 44,000 Marekani, Amerika ya Kilatini na Afrika Kusini.

Naitaja Janssen kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo tuliyoanza nayo. Dozi 1,058,400 zilitua Dar es Salaam Julai 24, 2021, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera. Kenya na Uganda walikuwa wameshaanza tangu Machi na AstraZeneca. Kwa hiyo watu wa ziwa moja walichanjwa chanjo tofauti, huku wakitumiana uvumi ule ule kwa WhatsApp, na wakipewa majibu yale yale yaliyoandikwa kwa ajili ya chanjo ya tatu, Pfizer. Vurugu kubwa ilianzia hapo.

Chukua hili la kubadilisha vinasaba. Mtu wa Buzuruga alipouliza kama chanjo itaingilia DNA yake, alijibiwa: hapana, chanjo ni mRNA, yaani ujumbe wa muda wa kuielekeza seli, haiingii kwenye kiini cha seli, inayeyuka baada ya siku chache. Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa Pfizer na Moderna. Kwa Janssen si sahihi. Janssen inabeba kipande cha DNA, na kipande hicho kinaingia kwenye kiini cha seli. Aliyekuwa na simu na muda wa kusoma aligundua hilo mwenyewe, na akaondoka na imani kwamba amedanganywa. Ningekuwa mimi, ningeamini hivyo hivyo.

Jibu lililotakiwa ni hili. Chanjo ile imetumia adenovirusi namba 26, wa ukoo wa virusi vinavyoleta mafua ya kawaida, akiwa ameondolewa jeni ya kuzaliana na kuwekewa maelekezo ya kutengeneza mwiba wa korona. Anaingia kwenye seli, anafikisha maelekezo kwenye kiini, seli inasoma, inatengeneza miiba, kinga inaiona na kujifunza. Maelekezo yenyewe hayaungwi kwenye DNA yako. Virusi wa jamii hii hawana zana za kujiunga, tofauti na VVU ambaye anazo. Wala huyu wa kwenye chanjo hazaliani, kwa hiyo seli zilizompokea zinapokufa, naye anaishia hapo. Ukoo huu wa virusi tunaupata tangu utotoni kwenye baadhi ya mafua yetu, na haujawahi kutugeuza watu wengine.

Na kuna jambo ambalo wengi hapa mjini hawakuambiwa. Kibebeo hicho hicho, adenovirusi namba 26, ndicho kilichotumika kwenye chanjo ya Ebola iliyoidhinishwa Ulaya Julai 2020. Kabla ya kuidhinishwa ilijaribiwa kwa watu waliojitolea katika nchi kadhaa, na miongoni mwao walikuwamo watu wa hapa Mwanza, kupitia kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU kilichopo kwenye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kibebeo kilichosemwa kimeletwa ghafla kutoka kusikojulikana, kilishapita kwenye mikono ya watu wa mji huu.

Najua sentensi hiyo inaweza kumkera mtu badala ya kumtuliza. Atasema: si ndiyo hayo, tunafanywa panya wa majaribio. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa iitwayo Trovan kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo. Watoto 11 walifariki, wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa vya kutosha, na kesi ya serikali ya jimbo la Kano iliisha mwaka 2009 kwa makubaliano ya fidia. Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni ya kwao juu ya kujaribu kinga ya korona barani Afrika, eti kwa kuwa huku hakuna barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyaita maneno hayo ya kibaguzi, na mmoja wa madaktari hao akaomba radhi. Klipu ile ilizunguka Afrika nzima. Ilikuwa ya kweli, na kwa sababu ilikuwa ya kweli ilizifungulia njia nyingi za uongo.

Ila historia ya majaribio hapa Mwanza ina sura nyingine, nayo inastahili kusimuliwa. Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za vijijini mkoani hapa zilishiriki utafiti uliouliza: tukiboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida, maambukizi ya VVU yatapungua? Yalipungua kwa takribani asilimia 40, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1995 dunia nzima ilisikia jina la Mwanza. Kuanzia 2017 wasichana 930 wa hapa, wenye miaka 9 hadi 14, waliingia kwenye utafiti wa DoRIS, kuona kama dozi moja ya chanjo ya HPV inaweza kutosha badala ya mbili au tatu. Ilionekana dozi moja inazalisha kingamwili kwa karibu wasichana wote. Shirika la Afya Duniani lilipokubali dozi moja mwaka 2022, ushahidi wa wasichana hao ulikuwa mezani, na mwaka 2024 Tanzania yenyewe ikahamia kwenye dozi moja. Tofauti ya Kano na Mwanza ni ridhaa, ufuatiliaji, na nani ananufaika na jibu. Hayo ndiyo mambo matatu ya kuulizia kila unaposikia neno jaribio. Rangi ya daktari peke yake haikuambii kitu.

Sasa madhara. Hapa wahamasishaji walijikwaa vibaya zaidi kuliko kwenye DNA, kwa sababu waliposema chanjo haina madhara yoyote walisema lisilo kweli. Janssen ilisababisha, kwa watu wachache mno, damu kuganda huku chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka. Aprili 13, 2021 Marekani iliisimamisha kwa siku kumi ili kuchunguza, kisha ikairudisha na onyo. Kiwango kilichokuja kuonekana ni kama watu wanne katika kila dozi milioni moja, kikiwa juu zaidi kwa wanawake wenye umri wa miaka 30 na 40 na kitu, na baadhi ya waliopatwa walifariki. Mei 2022 wakapunguza matumizi yake kwa kuwa wao walikuwa na chanjo nyingine za kutosha. Pfizer na Moderna nazo ziliwaletea baadhi ya vijana wa kiume uvimbe kwenye misuli ya moyo, ambao kwa walio wengi ulipona.

Kwa nini basi sisi tuliendelea kuchanja Janssen? Kwa sababu hesabu ya hatari haifanywi upande mmoja. Korona yenyewe hugandisha damu, na hugandisha mara nyingi kuliko hivyo. Ilikuwa dozi moja tu, na haikuhitaji majokofu ya baridi kali kama yale ya Pfizer ya mwanzo, jambo ambalo kwa kisiwa cha Ukerewe au kambi za wavuvi si dogo. Unaweza kukubaliana na hesabu hiyo au kuikataa, lakini mtu mzima anastahili kuonyeshwa hesabu yote. Aliyeambiwa "hakuna madhara" kisha akasikia redioni kwamba Marekani wamesimamisha, hatarudi kumsikiliza mhamasishaji yule hata akija na habari ya kipindupindu.

Uzazi sasa, maana ndiyo hofu iliyokaa ndani zaidi, na mara nyingi wanaoisema kwa sauti ya chini ni kina mama. Mizizi yake ni ya zamani kuliko korona. Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki nchini Kenya walidai chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilichanganywa na homoni ya ujauzito iitwayo hCG ili kuwafunga uzazi. Serikali ya Kenya na mashirika ya Umoja wa Mataifa wakakanusha. Lililoipa hadithi ile nguvu ni kwamba watafiti waliwahi kweli kujaribu chanjo ya kupanga uzazi iliyounganisha homoni hiyo na pepopunda, kwa majaribio yaliyotangazwa, tena India. Haikuwa chanjo ya zahanati. Lakini mtu akisikia vipande viwili vya kweli, cha tatu anakimeza bila kutafuna.

Kwa korona, uvumi ulianzia Ulaya Desemba 2020, kwamba mwiba unafanana na protini ya kondo la nyuma, kwa hiyo kinga ikiujua mwiba itashambulia na kondo. Havifanani kiasi hicho. Wanawake waliochanjwa wamefuatiliwa, wakiwamo waliokuwa wakisaidiwa kushika mimba kwenye kliniki, na hawakutofautiana na wasiochanjwa. Kilicho kweli ni kidogo: hedhi inayofuata baada ya sindano inaweza kuchelewa, kwa wastani chini ya siku moja, kisha mzunguko unarudi. Wanawake walilisema hilo mapema na wakaambiwa ni mawazo yao. Utafiti wa 2022 ukawapa haki.

Kuna lingine la makanisani, ambalo mji wenye Wakatoliki wengi kama huu hauwezi kulikwepa: kwamba chanjo imetengenezwa kwa mimba zilizotolewa. Janssen ilikuzwa ndani ya seli za maabara ambazo chanzo chake, miaka ya 1980, ni kijusi kimoja cha mimba iliyotolewa Uholanzi. Seli hizo zimezaliana zenyewe maabara tangu hapo; hakuna mimba nyingine inayohitajika, na chanjo huchujwa kabla ya kuwekwa kwenye chupa. Vatican ililipima jambo hilo na Desemba 2020 ikatoa tamko kwamba muumini anaweza kuchanjwa bila kushiriki dhambi ile. Anayeona bado dhamiri inamsuta ana haki ya dhamiri yake, ila asiambiwe kwamba Kanisa limekataza.

Ya sumaku, vifaa vidogo vya kufuatilia watu na 5G sitayakalia. Dozi ni nusu mililita inayopita kwenye sindano nyembamba, na mtandao wa 5G wa kibiashara ulifika Tanzania mwaka 2022, baada ya korona kuwa imeshazunguka nchi nzima mara kadhaa. Ile ya kwamba kila aliyechanjwa angekufa ndani ya miaka miwili, iliyopachikwa jina la Luc Montagnier, Mfaransa aliyeshinda Nobeli, hakuwahi kuisema, ingawa alisema mengine mengi yenye utata. Miaka miwili ilipita. Watu zaidi ya bilioni tano duniani walichanjwa angalau dozi moja, na soko la Mwaloni linafunguliwa kila alfajiri.

"Lakini shemeji alichanjwa na bado aliugua." Ndiyo. Kwenye majaribio Janssen ilizuia ugonjwa wa wastani hadi mkali kwa asilimia 66, na ule mkali peke yake kwa asilimia 85, kabla ya sura mpya za kirusi, Delta na Omicron, kuenea. Nguvu ya kuzuia maambukizi hushuka baada ya miezi. Nguvu ya kuzuia kifo hukaa zaidi. Viongozi duniani waliosema ukichanjwa hutaambukiza mtu walizidisha chumvi, na chumvi ile tunaila mpaka sasa.

Kuhusu barakoa

Mvuvi yeyote wa hapa anajua hesabu ya jicho la wavu: samaki aliye mdogo kuliko jicho anapita. Ukimwambia kwamba kirusi cha korona kina upana wa mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na matundu ya barakoa ni makubwa kuliko hapo, atamalizia mwenyewe kwamba barakoa ni mchezo wa kuigiza. Hesabu yake haina kosa. Ila barakoa haifanyi kazi kama wavu.

Kwanza, kirusi hasafiri mtupu. Husafiri ndani ya vitone vya mate na unyevu, vingine vikubwa vya kutua mezani, vingine vidogo vya kuelea hewani kwa muda mrefu. Pili, kitambaa cha barakoa ya hospitali ni msongamano wa nyuzi zilizolala ovyo, tabaka juu ya tabaka, na kitone kinachosafiri na hewa lazima kipinde kona nyingi. Vikubwa vinashindwa kupinda, vinagonga nyuzi na kunata. Vidogo kabisa havisafiri kwa mstari. Vinasukwasukwa na molekuli za hewa hadi vinagusa uzi. Tatu, tabaka la kati la barakoa ya kitabibu limewekewa chaji ya umeme tuli inayovivuta vitone. Kwa hiyo ukubwa mgumu zaidi kunasa si ule mdogo kuliko wote bali ni wa kati, karibu mikroni 0.3, na ndiyo maana barakoa ya N95 hupimwa kwa ukubwa huo: inanasa asilimia 95 ya vile vigumu, na vidogo zaidi ya hapo inavinasa vizuri zaidi.

Zile za vitenge zilizoshonwa kwa wingi mwaka 2020 na kuuzwa stendi ya Nyegezi hazina tabaka hilo la chaji. Zilikuwa nzuri kwa macho, na kwa ulinzi zilikuwa afadhali kidogo kuliko uso mtupu. Na barakoa yoyote ikiwa na upenyo mashavuni, hewa inapita pale. Iliyovutwa kidevuni wakati konda anadai nauli haizuii kitu chochote, ingawa nadhani ndivyo nusu ya mji ilivyoivaa.

Ushahidi wa mitaani ni mwembamba kuliko wa maabara, na haifai kuficha. Bangladesh watafiti waligawa vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000 katika makundi, vingine vikahamasishwa kuvaa barakoa na vingine vikaachwa. Kwenye vijiji vilivyohamasishwa, uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, na wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa damu walipungua kwa asilimia 9 hivi. Kwenye vijiji vya barakoa za kitabibu walipungua kwa asilimia 11, na humo, kwa wenye miaka 60 na zaidi, walipungua kwa asilimia 35. Za kitambaa hazikuonyesha jibu la wazi. Denmark, kwa watu wapatao 6,000, walioambiwa wavae waliambukizwa asilimia 1.8 na wengine 2.1, tofauti ndogo mno kuthibitisha chochote, na hawakupima kama mvaaji aliwakinga wengine. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalisema matokeo ya jumla hayana uhakika, vichwa vya habari vikaandika "barakoa hazifanyi kazi", na mhariri mkuu wao akalazimika kutoka na kusema hiyo siyo tafsiri yake. Ukiniuliza mimi nasoma nini hapo, nitasema: barakoa nzuri iliyovaliwa vizuri humsaidia mtu, lakini kampeni ya kuwavalisha watu wote barakoa zozote huleta faida ndogo. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliwaambia watu wazima wenye afya hawazihitaji, kisha Juni 5, 2020 likageuza ushauri. Ushauri ulifuata ushahidi, ila waliokuwa wakiusikia kwa redio ya mbao walisikia kigeugeu.

Kukosa hewa? Molekuli ya hewa chafu ni ndogo mara mamia kuliko kirusi peke yake, sembuse kitone. Inapita nyuzi bila habari. Madaktari wa upasuaji pale Bugando huvaa kwa saa nyingi na wanashona mishipa. Joto la mchana wa Mwanza ndani ya barakoa ni kero ya kweli, na mtoto chini ya miaka mitano hatakiwi kulazimishwa. Ya kwamba barakoa za kutoka nje huja na virusi: maabara zimekuta kirusi kikidumu juu yake siku kadhaa, wakati kontena linakaa baharini wiki kwa wiki.

Kwa hiyo mahali ndiyo hoja. Peke yako kwenye mtumbwi alfajiri, barakoa haina kazi. Ndani ya daladala ya Igoma mvua ikinyesha, vioo vimefungwa na watu wamebanana, ina kazi. Wodini ina kazi kubwa.

Na ugonjwa ndiyo hoja nyingine. Marburg, ugonjwa ndugu wa Ebola, ilipozuka Bukoba vijijini mwaka 2023 na kuua watu 6, kisha Biharamulo Januari 2025, wapo waliokimbilia kununua barakoa. Marburg huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Glavu, sabuni na kutoosha maiti nyumbani vina uzito kuliko kitu chochote cha kufunika pua.

Chanjo ya Marburg haijaidhinishwa, ila moja ilipelekwa Rwanda Oktoba 2024 wakati wa mlipuko wao, kwa ajili ya wahudumu wa afya kwanza. Inabebwa na adenovirusi wa sokwe, ukoo mmoja na kibebeo cha AstraZeneca waliyochanjwa majirani zetu wa Kenya na Uganda. Ikija kufika kwenye ziwa hili, maneno yatakayotangulia nayajua: tunachomwa damu ya sokwe. Damu haimo. Adenovirusi wa binadamu tumeshakutana nao wengi, Waafrika tukiwa tumekutana nao zaidi, na kinga inaweza kumwangusha mbebaji kabla hajafikisha ujumbe. Wa sokwe hatufahamiani naye, kwa hiyo anafika. Ameondolewa uwezo wa kuzaliana, anakuzwa ndani ya seli kwenye matangi, na hakuna sokwe anayesogelea kiwanda.